Kinywa cha Nyumba Yetu

Mama yangu alikufa mvua kubwa zikiishia, mimi nikiwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kule Léopoldville, mbali na Goma kiasi kwamba hata kwenye maziko nisingewahi. Habari ilinijia kwa telegramu. Niliisoma nimesimama, nikaikunja, nikaenda darasani na kukaa mahali pangu pa kila siku. Profesa alikuwa anafundisha sheria ya Warumi. Sikulia. Wiki zilizofuata sikulia pia, na nisidanganye, sikuwa na huzuni hata kidogo. Nilikuwa kama mguu uliokaliwa vibaya ukafa ganzi: unauona, unaugusa, lakini si wako.

Chuo kikuu kilikuwa kipya bado, kuta zilikuwa zinanuka rangi, na palikuwa na mtu wa kutushauri sisi wanafunzi. Tulimwita konseye, kama alivyoitwa kwa Kifaransa. Alikuwa Mbelgiji mrefu, mpole, mwenye ofisi yake na benchi nje ya mlango. Mwenye shida alitakiwa akae kwenye benchi lile, aitwe, aingie, aitaje shida yake. Alipopata habari kwamba nakodoa macho darasani bila kusikia kitu, aliniita mwenyewe.

"Una shida?"

"Sina."

"Chakula?"

"Kizuri."

"Afya?"

"Nzuri."

"Masomo?"

"Yanaendelea."

Akanipa mkono, nikatoka. Alikuwa mtu mwema, nasema hivyo mpaka leo, ingawa siku ile nilitoka nikimchukia kidogo, hivi hivi tu, kama mtu anavyoichukia mvua.

Kwetu mfiwa hajitangazii msiba. Hiyo ni kazi ya jirani. Nyumba ikipata kilio, jirani mmoja hushika mlango, na kila mgeni anayefika, yeye ndiye humwambia nani amekufa, aliugua nini, kazikwa wapi. Wenye kufiwa hukaa chini, kimya, wamenyoa vichwa. Jirani huyo sisi humwita kinywa cha nyumba. Mfiwa akijisemea mwenyewe, huonekana kama anaombaomba. Sasa Léopoldville jirani nimtoe wapi? Aliyelala chumba cha pili alikuwa kijana wa Kasai, mcheshi sana, ambaye hakujua hata kama nilizaliwa na mwanamke.

Mitihani ilipokuja nilianguka, tena nilianguka vizuri.

Niliporudi likizo, nyumbani Murara, mtaa wetu wa Goma, walikuwa wananingoja mimi ili kilio kifungwe. Nywele zao zilikuwa zimeanza kuota, kwa hiyo walinyoa upya, baba, shangazi na wadogo zangu wote, na mimi pamoja nao. Baba alinipeleka kaburini. Kwa jembe huchimbi kaburi Goma, unavunja mawe ya volkano kwa nyundo na mtaimbo, na viganja vyake vilikuwa bado vina alama. Alinionyesha viganja, nikavitazama. Alinionyesha rundo la mawe meusi, nikalitazama. Nilikuwa nawaza kama viatu vyangu vitachanika.

Konseye alifika katika likizo hiyohiyo. Wazungu wengi walikuja Kivu kupumzika, na yeye alikuwa anapita kwenda Rumangabo kuona wanyama, akakumbuka kwamba mmoja wa wanafunzi wake ni wa hapa. Wala hakuja kutembea tu. Kabla ya mwaka mpya kufunguliwa maprofesa wangekutana, waamue nani arudie mwaka na nani abaki kwao moja kwa moja, na neno lililosikilizwa pale lilikuwa la konseye. Mtaani kwetu nilikuwa wa kwanza kufika chuo kikuu. Nikiachwa, nani mwingine angeitwa?

Siku hiyo kinywa chetu hakikuwepo. Jirani yetu, mama mmoja Mnande wa kutoka Butembo, mfanyabiashara mwenye sauti ya kuamsha mtaa, alikuwa ameteremka ziwani Kituku kutafuta samaki wa kufungia kilio. Konseye akapewa kiti, sisi tukabaki kwenye mkeka. Akavitazama vichwa vyetu vinavyong'aa. Alikuwa amejifunza Kiswahili chake kwa wafanyakazi, na alijivunia.

"Muzee, nyumba yote munanyoa?" akasema. "Ni muzuri. Ni usafi."

"Ndiyo, Bwana," baba akajibu.

"Huyu mutoto iko na akili. Sababu gani ameanguka? Iko matata hapa nyumbani?"

Baba aliinamisha kichwa. Mbele ya mgeni palikuwa na vichwa vitupu vya nyumba nzima, watu wazima wamekaa chini mchana kweupe, jiko halina moto. Mtu wa kwetu angekuwa amekwisha kutoa pole mlangoni.

"Bwana, unatuona," baba akasema.

"Ninaona. Nyumba muzuri."

Kisha akanigeukia, akaniambia kwa Kifaransa kwamba bila sababu hawezi kunitetea. Akisimama mbele ya maprofesa, aseme nini? Nikamjibu kwamba sijui. Na kweli sikujua. Kulikuwa na kitu cha kusema, lakini kilikuwa mbali, ng'ambo ya ziwa, na mimi sikuona sababu ya kupiga kasia.

Gari lilipoondoka baba alikuwa ametulia kabisa. "Ametuona," akasema. "Ni mutu mukubwa, ameelewa." Shangazi akaitikia. Watu husema mficha maradhi kilio humfichua. Sisi kilio chenyewe tulikuwa tumekivaa kichwani, na mtu akakisifu kwa usafi.

Mama Mnande akarudi na kikapu chake. Akauliza mgeni ameambiwa nini.

"Ameona vichwa," baba akasema.

Akatua kikapu. "Papa, muzungu hajue kichwa ya kilio. Kwabo wanavaa nguo nyeusi."

"Na weye ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa natafuta samaki ya kilio yenu."

Wakagombana hapo, na wote wawili walikuwa na haki. Mimi nilikaa nikimtazama samaki mmoja aliyekuwa bado anafungua na kufunga mdomo.

Kesho yake mama yule alivaa kikwembe kipya cha kitenge, akanishika mkono kama mtoto wa shule, tukaenda kukaa kwenye jiwe kando ya barabara itokayo Rumangabo. Alikuwa na maharagwe ya kuambua, kwa sababu hajui kukaa bure. Aliambua, akalaumu vumbi, akalaumu mawe, akalaumu watu wa Goma wanaojenga juu ya mawe, akaambua tena. Alasiri gari la konseye likatokea. Akainuka akasimama katikati ya barabara, na alikuwa mpana, hapakuwa na pa kupitia.

"Bwana, miye njo kinywa ya ile nyumba," akasema. "Jana sikukuwa. Mama ya huyu mutoto alikufaka. Alishikwa na homa, tukamupeleka dispanseri, akakufa asubuyi. Tulimuzika kule juu, kwa majiwe. Mutoto hakumuona. Njo maana amenyoa. Njo maana ameanguka. Sasa njoo ukae."

Konseye alizima gari. Akavua kofia, akakaa hivyo, mikono juu ya usukani. Kisha akaniuliza kwa Kifaransa, bila ukali, mbona sikumwambia, na benchi lilikuwa pale siku zote. Nikamweleza habari za kinywa cha nyumba. Nilimweleza taratibu, kama mtu anayejibu swali la mtihani, na kwa kweli lilikuwa swali la kwanza nililolijibu vizuri mwaka ule.

"Na kule chuoni," akauliza, "nani angekusemea?"

"Hakuna."

Alikuja nyumbani, safari hii akakataa kiti, akakaa mkekani. Miguu yake ilikuwa mirefu, hakujua aiweke wapi. Aliikunja huku, akaikunja kule, mwisho akainyoosha mbele, na mdogo wangu wa mwisho akacheka. Hakuna mtu aliyekuwa amecheka katika nyumba ile tangu kifo. Konseye alikaa kimya mpaka samaki walipoiva, akala nasi, akaondoka.

Maprofesa wakakubali nirudie mwaka. Niliporudi nililikuta benchi mahali pake, ila sasa kulikuwa na desturi nyingine. Kila mwanafunzi mpya alipewa mkubwa wake wa kutoka pande za kwao, au za jirani, ambaye kazi yake ilikuwa kupita chumbani, kukaa, kujua nyumbani kuna nini, na likitokea jambo, kwenda ofisini kusema kwa niaba yake. Nilisikia kwamba baadhi ya maprofesa walicheka, wakauliza kama vijana hawa hawana midomo yao. Mimi nilihesabiwa mkubwa, nikapewa kumwangalia kijana mpya wa Masisi, si mbali na Goma, mkimya, anayependa kulala.

Baada ya Krismasi nilimkuta amekaa kitandani, amenyoa kichwa mwenyewe kwa wembe, bila kioo, damu imemkaukia nyuma ya masikio. Vijana wa jirani walikuwa wanamtania. Sikumuuliza chochote. Nilikaa naye. Baadaye sana akasema, "Ni papa," kisha kidogo kidogo akanieleza habari ya baba yake.

Nikaenda ofisini. Nilipita benchi, nikasimama mbele ya meza, nikaanza kama nilivyosikia ikisemwa barabarani siku ile. Nikasema mimi ni kinywa cha fulani. Nikasema baba yake amekufa, kifua kilimbana, wamemzika kwao Masisi mvua ikinyesha. Nikasema, "Mtoto hakumwona."

Sikuweza kuendelea. Nilijaribu kulirudia neno hilo, na nilichokisikia kikinitoka sikukifahamu, nikadhani ni mtu mwingine analia nyuma yangu. Mguu ukitoka ganzi huuma kuliko ulipokuwa umekufa. Nilimlilia mama pale, mbele ya meza ya Mbelgiji, mwaka mmoja kasoro tangu azikwe.

Konseye hakujua la kufanya na mimi. Ikabidi atume mtu kumwita kijana wa Masisi aje kunichukua. Akaja, kichwa chake kimejaa mikwaruzo, akanitoa nje, akanikalisha kwenye benchi na kukaa karibu yangu, wala hakuniuliza kitu.