Uso Wangu Kwenye Bango la Mwalimu Penseli

Mimi ni mfagiaji wa shule ya msingi, nina miaka hamsini na mmoja, na masomo yangu yaliishia darasa la saba. Nayasema haya mapema ili mtu asije akasema sikujieleza. Ninayetaka kumwandika si mimi. Ni mwalimu wangu, aliyekuwa pia rafiki yangu. Watoto walimwita Mwalimu Penseli, na siku ya kumuaga wakubwa wa shule waliweka picha yangu mimi juu ya jina lake. Nitafika huko.

Alinifundisha darasa la kwanza akiwa na miaka ishirini, ndiyo kwanza ametoka chuoni, mwembamba kama ufito na sauti ya kuamsha mtaa. Akabaki na darasa la kwanza hilohilo miaka arobaini. Wenzake walipanda, huyu darasa la saba, yule ofisini, mwingine wilayani. Yeye akiulizwa kwa nini hapandi alijibu, "Huko juu mnafundisha waliokwisha kujua kusoma. Hiyo nayo ni kazi?" Maneno kama hayo hayakumletea marafiki ofisini.

Jina la Penseli lilitokana na wembe. Kila asubuhi kabla ya kengele alikaa kwenye kizingiti cha darasa lake na kopo tupu la maziwa, akachonga penseli za watoto wote, moja baada ya nyingine. Alisema mtoto akianza siku na penseli butu, anadhani butu ni yeye.

Mume wangu alipofariki, nikaja kuomba kazi ya kufagia hapo shuleni. Siku yangu ya kwanza alinikuta nimeinama na fagio, akasimama akanitazama.

"Wewe si yule aliyekuwa anakula vifutio?"

"Ndiye, Mwalimu."

"Vilikuwa vitamu?"

"Kile chekundu kilikuwa na afadhali."

Akacheka mpaka akashika ukuta. "Haya, kaa hapa mdogo wangu, shika wembe." Tangu siku hiyo tulichonga penseli pamoja miaka kumi na tisa. Yeye akiongea, mimi nikisikiliza, kisha nikifagia maganda. Watu wakitaka kujua urafiki wetu ulikuwaje, ulikuwa huo.

Alikuwa na jambo lake jingine. Mtoto akimaliza kusoma sentensi yake ya kwanza, alimpigia makofi, halafu akamuuliza, "Aliyeandika alikuwepo?" Kila kitu alikiuliza hivyo. Siku moja uongozi ulibandika tangazo kwamba vyoo vya wanafunzi vimekarabatiwa. Mtoto mmoja wa kike akalisoma lote bila kukwama. Mwalimu akampigia makofi, akamuuliza swali lake. Mtoto akakimbia hadi vyooni, akarudi ameziba pua. "Hakuwepo, Mwalimu." Nadhani ndipo mwalimu mkuu alipoanza kumchukia, ingawa kwa mdomo aliendelea kumwita mama yetu.

Huyo mwalimu mkuu wetu, Mungu anisamehe, ni mtu wa mhuri. Alikuja miaka minane iliyopita, na tangu aje sijamwona akishika chaki, ila mhuri. Darasa la kwanza halikuwa na mlango. Ulioza ukaanguka, na mvua ikija madawati ya mbele yanalowa, na mbuzi wa majirani wanaingia kusoma. Mwalimu Penseli aliandika barua kila muhula kuomba mlango. Kila muhula ilirudi imeandikwa "Suala linashughulikiwa", na mhuri juu yake, wa duara, mzuri, umepigwa katikati sawasawa. Kama mhuri ungezuia mvua, tungekuwa na darasa kavu kuliko yote duniani.

Alistaafu. Mwaka wa tatu akaugua figo, akalala miezi saba nyumbani kwa binti wa kaka yake, mwendo wa dakika kumi kutoka shuleni. Dakika kumi kwa mtu mwenye miguu mibovu kama yangu. Hakuna aliyekuja kutoka ofisini. Ilikuja kadi. Ilikuwa na namba ya kumbukumbu na mhuri: "Uongozi unakutakia nafuu ya haraka." Mwalimu aliisoma, akacheka mpaka akakohoa, akafunikia nayo glasi ya maji.

"Mdogo wangu," akaniambia siku hiyo, "nikiondoka hawa wataniandikia wasifu. Watanifanya malaika asiye na mdomo. Usikubali." Akatoa chini ya mto karatasi, nusu ukurasa, imekunjwa mara nne. "Usome huu. Nimeuandika mwenyewe, na mimi nilikuwepo."

"Mimi, Mwalimu? Mbele za watu?"

"Kwani nilikufundisha kusoma ili iweje?"

Nikaahidi mbele za Mungu, na mimi Mungu simwahidi ovyo.

Alifariki Jumanne asubuhi, mimi nikiwa nimemshika mkono. Jumatano nilikwenda ofisini na ile karatasi. Mwalimu mkuu alikuwa anapanga ratiba ya mazishi na mwenyekiti wa kamati ya shule, mtu ambaye kazi yake ni kukubali.

"Mkuu, samahani. Marehemu aliniachia maneno yake, akaomba niyasome."

Hakuinua kichwa. "Mama, ratiba imeshapigwa mhuri."

"Ni nusu ukurasa tu, Mkuu."

"Wasifu unasomwa na mtu wa ngazi inayostahili. Kuna mgeni rasmi. Wewe utatusaidia upande wa usafi."

"Lakini ni marehemu mwenyewe aliyeomba."

"Marehemu hayumo kwenye kamati," akasema. Mwenyekiti akakubali.

Nilirudi nyumbani nikapiga magoti, nikamwomba Mungu anipe upole. Alinipa, lakini si mwingi.

Ijumaa uwanja wa shule ulijaa. Kochi la ofisini lilitolewa nje kwa ajili ya mgeni rasmi, na kitambaa cha kufuma kikawekwa pale atakapoegemeza kichwa. Ndugu wa marehemu walikalishwa kwenye mabenchi ya darasa la kwanza, magoti yamefika kidevuni. Mgeni rasmi alikuwa ofisa wa elimu, na yeye mwenyewe alifundishwa kusoma na Mwalimu Penseli. Tulikuwa naye darasa moja. Benchi lake lilikuwa la pili, na lilikuwa linalowa hata pasipo mvua. Sasa alikuja na tai, na mtu wa kumbebea mkoba.

Jeneza lilikuwa mezani. Nyuma yake lilisimama bango kubwa, limefunikwa shuka jeupe. Mwalimu mkuu akalivuta shuka kwa mbwembwe, kama anazindua kisima.

Maandishi yalisema: "Mwalimu wetu mpendwa, hatutakusahau kamwe." Chini yake nilikuwa mimi. Uso wangu, mkubwa kama sinia, natabasamu.

Kwanza nilidhani machozi yananidanganya, nikayafuta. Nikabaki mimi.

Nilijua picha ile ilikotoka. Miaka sita nyuma alikuja mpiga picha kuwapiga walimu. Wafanyakazi wengine tuliambiwa tusubiri pembeni. Mwalimu Penseli akanishika mkono, akanikalisha kwenye kiti chake, mstari wa mbele, karibu na mwalimu mkuu, akanivisha na koti lake la bluu. "Kaa. Miguu inakuuma." Yeye akaenda kusimama nyuma kabisa, amembeba mtoto anayelia, na mdomo wazi kwa sababu alikuwa anambembeleza. Sasa kamati ilipotafuta picha ya marehemu, ikatafuta mwanamke mtu mzima aliyekaa kwenye kiti cha heshima. Mtu wa nyuma hakutazamwa. Ikamkata huyo wa kwenye kiti, ikampelekea mwalimu mkuu, naye akasema safi kabisa, akapiga mhuri.

Yeye alifanya kazi na marehemu miaka mitano. Mimi nafagia ofisi yake miaka minane, chini ya meza yake, kati ya viatu vyake. Hakumjua yeye, na hakunijua mimi.

Watoto ndio waliokuwa wa kwanza kuona. Mmoja akapiga kelele, "Mama Fagio! Mama Fagio kafa!"

"Hajafa, yule pale kakaa!"

"Sasa kwenye sanduku kuna nani?"

Mama aliyekaa pembeni yangu akalitazama bango, akanitazama mimi, akasogeza kiti chake taratibu. Mwalimu mmoja wa zamu akawanyamazisha watoto. Mwalimu mkuu hakusikia kitu, kwa sababu alikuwa ameshaanza kujisikiliza mwenyewe.

"Tazameni uso huu," akasema kwenye kipaza sauti, kidole chake kikiwa puani kwangu pale kwenye bango. "Uso uliojaa hekima, uliotupokea kila asubuhi. Nani atausahau?" Mgeni rasmi kwenye kochi akatikisa kichwa kwa huzuni, kama mtu anayeukumbuka vizuri sana. Mwenyekiti akakubali. "Alikuwa mtulivu. Mnyenyekevu. Katika miaka yake yote arobaini hakuwahi kulalamika."

Hapo nikasimama.

Sijui kama niliamua. Miguu yangu, ambayo hupanda ngazi kwa kuombewa, ilikwenda yenyewe mpaka mbele, nikasimama kando ya bango, shavu langu karibu na shavu langu. Kule nyuma mtu mmoja akaguna, mwingine akacheka akajiziba, na kicheko kikapita kwenye viti kama upepo kwenye majani makavu. Mwalimu mkuu akanitazama. Akatazama bango. Akanitazama tena. Nilimwona anavyohesabu pua, macho, kidoti changu cha shavuni. Kwa mara ya kwanza ndani ya miaka minane nilionekana.

"Samahani, Mkuu," nikasema, na sauti yangu ilikuwa ya adabu kabisa. "Mimi ndiye marehemu mliyemchapisha. Marehemu anaomba dakika tatu."

Akapapasa mfuko wa koti. Kwa jambo kama lile hakuna mhuri. Mgeni rasmi, ambaye robo saa nzima alikuwa anaukumbuka uso wangu, akakohoa. "Mama... endelea."

Nikakunjua karatasi. Mwandiko wake ni ule wa ubaoni, mkubwa, wa kusomeka na mtoto wa miaka saba. Ulisema hivi:

"Nimefundisha darasa la kwanza miaka arobaini. Sikuwa mpole. Nilikuwa na makelele na nilipenda kubishana. Nililalamika kila muhula, kwa maandishi, na nakala ziko kwenye sanduku langu la nguo. Atakayesema sikulalamika, muulizeni kama alikuwepo. Niliwapenda watoto wote isipokuwa wawili, na hao nao niliwafundisha kusoma. Rafiki yangu ni huyu anayewasomea. Akikwama msimcheke, alikula vifutio vingi. Msiniletee maua. Darasa la kwanza halina mlango. Kwaherini, kaeni wima."

Sikukwama hata neno. Nilipofika kwenye wale wawili niliona watu wazima wengi, wenye vipara na wajukuu, wakijiuliza kimoyomoyo. Mgeni rasmi alikuwa anatazama viatu vyake. Na nilipomaliza, uwanja mzima, wazee kwa watoto, ulikaa wima. Hawakuambizana.

Binti wa kaka yake akaja na picha ndogo aliyoitoa kwenye pochi, shangazi yake halisi, mdomo wazi kama kawaida. Akaiegemeza juu ya jeneza. Mimi nikaweka penseli moja kando yake, nimeichonga asubuhi ile. Ndipo nikalia, na sikujali nani anatazama.

Tuliporudi kutoka makaburini wakubwa waliingia ofisini kula. Nikamkuta seremala wa mtaa wetu, naye alikuwa mwanafunzi wa Mwalimu Penseli, amepiga magoti kwenye kizingiti cha darasa la kwanza, anapima kwa futi. Suruali yake ya msibani ilikuwa imejaa vumbi.

"Mama," akaniuliza, "uwe wa kufungukia ndani au nje?"

"Nje. Ili mbuzi asiusukume."

"Hodari. Unadhani mimi ni mmoja wa wale wawili?"

"Wewe ulikuwa unamwibia chaki."

"Basi ndiyo mimi," akasema, akaendelea kupima.

Mlango ulikuwa tayari Jumatano iliyofuata, mbao nzito, bawaba tatu, haulii. Alhamisi mwalimu mkuu alikuja na kibao kidogo cha bati na misumari minne, akakipigilia mwenyewe kwa juu. Ndiyo kazi ya mikono pekee niliyowahi kumwona akiifanya. Kimeandikwa: "Mlango huu umeletwa na Uongozi wa Shule kwa kumuenzi Mwalimu Mpendwa." Pembeni wamechora mhuri. Bango wamelikunja likiwa na uso wangu ndani, liko stoo, na siku hizi mwalimu mkuu akinikuta nafagia anapita upande mwingine wa ukumbi.

Namwombea. Kweli namwombea, jina lake liko kwenye sala zangu, karibu na mwisho.

Asubuhi bado nakaa pale kizingitini na wembe na kopo la maziwa, kwa sababu mwalimu mpya ni kijana na hajajua habari za penseli. Nikimaliza naamka, nachukua kitambaa, nakifuta kile kibao mpaka kinang'aa, kila herufi isomeke vizuri. Watoto wa mwaka huu wamefika kwenye silabi. Baada ya miezi mitatu hivi watakisoma chote. Watakapokisoma nitawapigia makofi, halafu nitawauliza.