Kujifukuza kwa Hiari

Apeni kwanza kuwa hamtamwambia mtu, hata waume zenu. Haya.

Kiwanda chetu cha pamba kimeuzwa. Tajiri mpya anataka wafanyakazi waache kazi wenyewe, maana akiwapunguza lazima awalipe kiinua mgongo. Basi jirani yangu, miaka ishirini kwenye mashine, kanyang'anywa mashine, kakalishwa kwenye benchi mlangoni kwa bosi. Akae tu, kutwa, kama mwanafunzi mtoro!

Siku ya kwanza alilia. Siku ya pili kaja na ungo wa dagaa, akaanza kuchambua. Hahaa! Harufu ikaingia ofisini bila hodi.

Bosi katoka na leso puani, karatasi mkononi.

"Mama, weka sahihi hapa."

"Nisomee kwanza, mwanangu."

"Unaacha kazi kwa hiari."

"Kumbe ni hiari? Basi sitaki." Akapeta dagaa wake.

Nilicheka mpaka kanga ikafunguka, halafu hasira zikanipanda. Mtu hana adabu hata ya kukufukuza! Anataka ujifukuze, halafu umuage kwa heshima!

Haya yote kaniambia mpiga chapa wa bosi, aliyeichapa barua ile. Jana kaagizwa achape nyingine, yenye jina lake yeye mwenyewe, mpiga chapa.