Sauti za Bibi hazikuwa kwenye flash

Leo nimembofya Bibi, hakuitika.

Mnakumbuka nilimrekodi akisimulia kwa Kinyiha? Hadithi nikazichapa kwenye Word, kila kichwa nikakiwekea link ya sauti yake.

Tumemzika Jumamosi.

Leo shangazi kaja stationery kwangu, hapa Tunduma, amsikie mama yake. Nikachomeka flash, nikabofya. Kompyuta ikasema faili halipo.

Kumbe nilihamisha maandishi tu. Sauti zilibaki kwenye kompyuta ya zamani, na niliifuta yote kabla ya kuiuza Nakonde, ng'ambo ya mpaka.

"Yuko wapi?" shangazi akauliza.

"Nimemfuta, shangazi."

Akavuta kiti, akaketi. Halafu: "Basi nisomee wewe."

Nimesoma. Alinisahihisha matamshi huku analia.

Ndugu, nani ana sauti ya Bibi kwenye simu? Hata akisalimia tu.