Mfaume wa Chang'ombe, Chai Inapoa

Kila siku saa kumi na moja jioni sauti ya Tunu ilisikika Dar es Salaam nzima, naye mwenyewe yuko jikoni kwake Chang'ombe anachambua mchele.

Ilikuwa sauti fupi. "Mfaume wa Chang'ombe! Chai inapoa!" Basi. Halafu ngoma, halafu filimbi ya refa, halafu mtangazaji Elinaza anaingia kusema kipindi cha Kibendera kimeanza, Redio Mkeka, mpira wa mtaani kwako. Sauti kama ile ya kufungulia kipindi wenyewe redioni huiita jingo.

Mfaume, mumewe, alikuwa mchomeleaji wa mageti mpaka macho yalipomshinda. Shule hakuipata. Gazeti kwake lilikuwa la kufungia vitumbua. Dunia aliipokea kwa masikio, na masikio aliyapa redio. Timu yake ilikuwa Karakana, timu ya mafundi wa Chang'ombe, ambayo redio kubwa hazikuijua. Redio Mkeka waliijua. Ikicheza kwenye majani walikuwepo, ikicheza kwenye mchanga walikuwepo, wanatangaza mpaka jina la mwenye ng'ombe aliyeingia uwanjani. Mechi ikiisha wanafungua simu, watu wanapiga, wanagombana.

Mfaume naye alipiga. Kumbe alikuwa na mdomo. Nyumbani alikuwa mtu wa maneno ya kuhesabika, lakini akishika simu ya Kibendera anafunguka kama bomba. Alisema Karakana wanapasiana kama watu wanaopeana mkono msibani. Alisema beki ya kulia ni pazia, upepo tu unaingia. Watu wakacheka, wakampenda. Elinaza akambatiza Mfaume wa Chang'ombe, na jina likakaa.

"Shikamoo mzee wangu wa Chang'ombe!"

"Marahaba."

"Punguza redio yako kwanza, mzee wangu, inakoroma."

Kitufe cha sauti kilikwisha kufa. Mfaume alikuwa anaifunika redio kwa mto, anaukalia ule mto, ndipo anasema.

Tunu hakumwita Mfaume. Alimwita Baba Naima, tangu binti yao alipozaliwa. Kabla ya Naima alikuwa anagonga kikombe kwa kijiko, mume anajua anaitwa. Jina lake kavu hakuwahi kulitoa mdomoni, si mbele ya watu, si chumbani. Ndivyo alivyolelewa kwao Kunduchi. Hata kwenye ofisi ya mtaa, karani alipomuuliza jina la mume, Tunu alimgeukia Naima, Naima akalitaja yeye, na karani akaandika.

Sasa siku moja Karakana ilikwenda Kunduchi ikafungwa tatu bila na Dagaa Boys. Vijana wa ukweni! Mfaume alikuwa amekaa juu ya mto, simu sikioni, jasho linamtoka.

"Mzee wangu," Elinaza alisema, "leo dagaa kamla paka."

"Paka gani! Yule refa..."

"Mashemeji wamekufunga, mzee. Leo hata ugali utanyimwa."

Mfaume akapandwa na hasira. Alianza na refa, akaja kwa kocha, akafika kwa beki ya kulia, na hapo ndipo sauti ilipotoka jikoni, ikapita mlangoni, ikaingia kwenye simu na kwenda mjini.

"Mfaume wa Chang'ombe! Chai inapoa!"

Studio nzima ilianguka kicheko. Elinaza alishindwa kusema. Alipopata pumzi alisema, "Mzee, wahi chai. Bibi kashaamua." Kesho yake saa kumi na moja ile sauti ikafungua kipindi. Na kesho kutwa. Na siku zote.

Chang'ombe haikumwacha. Akipita gereji wanamwitia chai inapoa. Akiingia msikitini mtu anakohoa. Faraji kinyozi ndiye aliyewazidi wote.

"Mzee Mfaume, umeitwa jina na mkeo hewani?"

"Nyoa, Faraji."

"Nanyoa. Nasema tu, leo jina, kesho utatumwa chumvi."

Mfaume hakucheka. Alirudi nyumbani, akasimama mlango wa jikoni.

"Umenivua nguo mbele ya mji mzima."

"Nilikuita," Tunu alisema.

"Uliniita jina."

"Nilikuita," alisema tena.

"Mie nikiwa na simu usiniite. Hata nyumba iwe inawaka."

Tunu alimtazama kidogo. "Haya," akasema, akarudi kwenye mchele wake.

Mfaume alipiga redioni akaomba ile sauti itolewe. Elinaza akamwambia mzee, hiyo ndiyo roho ya kipindi, watu wanaweka saa kwa sauti ya bibi. Basi ikabaki. Jingo likilia, Mfaume anatazama ukuta. Tunu jikoni ananyamaza mpaka liishe, kama mtu anayempisha mgeni mlangoni. Kisha analeta chai, anaiweka kwenye stuli pembeni ya mume, anaifunika kwa kisahani, anaondoka bila neno. Mfaume akimaliza kusema anafunua. Imepoa. Anakunywa hivyo hivyo.

Miaka ikaenda namna hiyo. Si miaka mibaya. Walikula pamoja, walicheka na wajukuu. Sheria ile tu haikuondolewa, kwa sababu hakuna aliyeikumbuka kuiondoa.

Siku ya Tunu, Karakana ilikuwa imeshinda. Mfaume alikuwa kwenye foleni ya wapigaji, simu sikioni, anasubiri kuingizwa hewani. Tunu akatokea mlangoni. Mkono mmoja ameshika fremu. Alimtazama Mfaume, akaitazama simu. Midomo yake ikafunguka kidogo. Mfaume akainua kidole: subiri.

Tunu akasubiri.

Elinaza akasema shikamoo mzee wangu, Mfaume akasema marahaba, akaisifu Karakana mpaka akatosheka. Alipogeuka Tunu alikuwa amekaa sakafuni, mgongo kwenye mlango, kanga imemteleza kichwani. Presha. Majirani walikuja, gari lilipatikana, hospitali walimpokea vizuri. Hakusema tena. Alizikwa Ijumaa.

Msibani watu walimwambia Mfaume ajikaze, kazi ya Mungu haina makosa. Aliitikia. Alichokuwa anakiona ni kidole chake.

Arobaini ilipopita, wageni wakatawanyika, Naima akarudi kwake Tegeta. Nyumba ikabaki na Mfaume na redio. Jioni ile akaiwasha. Saa kumi na moja ikafika. Ngoma, filimbi, Elinaza.

Mfaume akaisogelea redio. Akadhani ni betri. Kesho yake akawasha mapema zaidi. Ngoma, filimbi, Elinaza. Hapo ndipo alipojua kwamba alikuwa anaingoja.

Alimpigia Naima.

"Ile sauti ya mama yako hawaiweki tena."

"Mie niliwaambia, baba. Niliwapigia siku ya msiba. Nikaona si vizuri, marehemu anazikwa, watu mabarabarani wanacheka sauti yake. Nilikosea?"

"Hukukosea."

"Baba?"

"Hukukosea, mama. Umefanya vyema."

Alikata simu akakaa. Picha za Tunu zilikuwepo: moja ya harusi ya Naima, moja ya kitambulisho. Picha haisemi. Simu ya Tunu ilikuwa kitochi, haina kilichohifadhiwa. Alijaribu kuisikia ile sauti kichwani. Mwanzoni ilikuja. Baada ya siku kadhaa ilianza kuja na sauti ya Naima ndani yake, zikachanganyika, akashindwa kuzitenganisha. Hapo akaogopa. Kama redio wameitupa, basi Tunu amekufa mara ya pili, na safari hii hakuna wa kumzika.

Akapiga Kibendera.

"Jamani! Mzee wangu wa Chang'ombe! Pole sana, mzee. Shikamoo. Punguza redio yako kwanza."

Mfaume aliukalia mto. Mji mzima ulikuwa unamsikiliza. Alitaka kusema, nirudishieni mke wangu.

"Mzee, unaionaje Karakana?"

"Wazima," alisema, akakata.

Asubuhi akavaa kanzu, akaenda Tegeta. Hakumwambia Naima kwamba anakwenda huko. Redio Mkeka nayo ilikuwa huko huko Tegeta, ghorofani, juu ya duka la mabomba na saruji. Alipanda taratibu. Elinaza, aliyemdhania pande la mtu kwa sauti ile, alikuwa kijana mwembamba mwenye miwani. Aliinama kumsalimia, akamshika mkono wa Mfaume kwa mikono yake yote miwili, asiuachie upesi.

"Nimefuata ile sauti," Mfaume alisema.

Elinaza akamtazama fundi mitambo, Burhan, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe na kofia ya kibohora yenye ukingo wa dhahabu, aliyekuwa anakunja waya. Burhan akaweka waya chini.

"Jingo tulilifuta, mzee. Binti yako aliomba kwa adabu, nasi tukaona tusiache hata alama."

Mfaume akatikisa kichwa kuitikia. Akatafuta fimbo yake.

"Ngoja, keti," Burhan alisema. "Jingo nilikata kutoka kwenye simu. Simu nzima ya siku ile sikuifuta. Ile ya dagaa kumla paka."

Wakamvalisha visikilizio juu ya baraghashia. Burhan akabonyeza. Mtu akaanza kufoka sikioni mwa Mfaume, refa hivi, refa vile. Mfaume akashtuka.

"Nani huyu anayepayuka?"

"Wewe, mzee," Elinaza alisema taratibu.

Akasikiliza. Refa alimalizwa, kocha akaingia. Na chini ya kocha, mbali, kama mtu anayeita toka uani kwa jirani, kulikuwa na sauti.

"Baba Naima."

Yule mpayukaji akaendelea.

"Baba Naima, chai."

"Sss!" mpayukaji alisema, akarudi kwa kocha.

Mfaume alishika meza. Hilo hakulikumbuka. Miaka yote hakuwahi kulikumbuka, kwa sababu hakuwahi kulisikia.

"Baba Naima, nakuita mwenzio."

Sasa ilikuwa zamu ya beki ya kulia. Pazia, upepo. Kisha ikaja ile yenyewe, karibu na juu, na ndani yake kicheko kidogo, cha mtu aliyechoka kugonga mlango wa mbele akaamua kuzunguka wa nyuma.

"Mfaume wa Chang'ombe! Chai inapoa!"

Na papo hapo, kabla studio haijacheka, mpayukaji aliitika.

"Naam!"

Mfaume alivua visikilizio. Chini dukani mtu alikuwa anaangusha mabomba.

"Rudisha," alisema.

Burhan akarudisha. Mara tatu ya Baba Naima, hakuna kuitika. Mara moja ya jina la redioni, naam. Miaka yote alikuwa ameliona jina lile kuwa ni tusi. Tunu alikuwa ametumia tu jina ambalo mumewe alikuwa analiitikia.

"Mzee," Burhan alisema, "nikukatie ile ya mwisho peke yake? Nitakuwekea kwenye kadi ya simu yako, iwe safi kama zamani. Huku kwingine umeongea juu yake, mama hasikiki vizuri."

"Usikate."

"Ina kelele, mzee."

"Ndivyo ilivyokuwa. Niwekee yote."

Elinaza alimsindikiza mpaka chini barabarani. Akasita, akavua miwani akaifuta kwa shati.

"Mzee wangu, ukitaka tunairudisha hewani. Watu bado wanaiulizia."

Mfaume alifikiri. Aliwaza mji mzima saa kumi na moja, gereji, Faraji na mkasi wake.

"Hapana, baba," alisema. "Alikuwa ananiita mie."

Jioni alichemsha chai mwenyewe. Majani yalizidi. Akaiweka kwenye stuli, hakuifunika. Redio ilikuwa ukutani, hakuiwasha, lakini mto aliuchukua akaukalia, mazoea. Akabonyeza simu kama alivyofundishwa, akaibana sikioni.

Refa. Kocha. Akazuia pumzi, maana sasa alijua mahali.

"Baba Naima," sauti ilisema mbali.

"Naam," Mfaume aliitika. Aliitika kwa nguvu, nyumba nzima ikasikia. "Naam, mke wangu. Nakuja."

Lakini yule wa ndani ya simu hakunyamaza. Aliendelea na habari za kocha.