Jina Nililopewa Bwawani

Kabla hujasema ni jua lililonipiga, fahamu kwamba nilikuwa nimevaa kofia. Jambo hili nimelipima kila upande na sijapata pa kutorokea. Lilitokea.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, karibu na Mogogosiek, mwezi wa pili, joto la kukausha chai shambani. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu na sina kazi. Alfajiri hiyo mke wa kaka yangu alijifungua mvulana, dhaifu, hanyonyi. Kwetu, ingawa ni watu wa kanisa, akina mama wazee humnusisha mtoto ugoro kidogo wakitaja majina ya wazee wetu waliokufa. Jina likitajwa akapiga chafya, huyo ndiye aliyerudi. Walitaja tangu asubuhi. Hakuna chafya. Mama yangu akaanza kurudia majina, maana mtoto asiyepata mtu wake huaminiwa kwamba hakai duniani.

Sikuweza kuvumilia. Nikaenda kwa rafiki yangu Wesley, pale mto ulipozuiwa ukawa bwawa, tukaingia kwenye boti yake ya mabati. Yeye akapiga kasia, mimi nikakokota nyuma yetu kwa kamba chambo changu, samaki wa plastiki niliyemnunua mjini Litein, mwenye mdomo mpana wa kumzamisha na ndoano mbili tumboni. Maji ya juu yalikuwa vuguvugu kama chai iliyosahauliwa mezani. Tulizunguka mara mbili bila kitu.

Ndipo nikamwona mzee ukingoni. Amevaa koti zito, katika joto lile! Na niamini, lilikuwa likichuruzika maji.

"Punguza mwendo, kijana," akasema. Hakupaza sauti, lakini nilimsikia kama tumekaa boti moja. "Maji yamepata moto. Samaki wako chini."

"Asante, mzee."

"Huko nyumbani wameita wote?"

Nani alimwambia habari zetu? "Wote," nikajibu haraka.

"Mimi hawajaniita." Akataja jina lake.

"Buda, unabonga na nani?" Wesley akauliza, akiniona nasema peke yangu. "Shule imekuharibu."

Nilipogeuka tena, ukingo ulikuwa mtupu. Papo hapo kamba ikavutwa chini kwa nguvu, ikalegea. Nilipoivuta, hapakuwa na samaki. Kwenye ndoano kulikuwa na kifungo cha koti, na uzi wake.

Njia nzima niliwaza. Nikilitaja jina, namwingiza nani nyumbani? Nikinyamaza, mtoto je? Nilifika mlangoni, nikasikia mama analia. Nikalitaja.

Mtoto akapiga chafya. Kubwa. Kisha akatafuta titi la mama yake.

Mama hakushangilia. "Huyo umetajiwa na nani?" Mwenye jina hilo alikuwa mdogo wake babu, aliyezama katika mto uleule kabla sijazaliwa. Waliozama, kwetu, hawaitwi. Nilikuwa sijawahi kulisikia jina lake.

Mtoto aliishi. Sasa, mwaka huu wa elfu mbili, ana miaka mitano, mcheshi, ila havui koti hata jua likiwaka, na akiogeshwa hupiga kelele mpaka majirani waje. Juzi nilikuwa nakimbilia mahojiano ya kazi, akaniita kutoka mlangoni: "Punguza mwendo, kijana." Mimi, baba yake mdogo!

Sivui samaki tena. Kifungo ninacho, sijui nikitupe wapi. Wewe ukiwa majini wakati wa joto, mtu ukingoni akakuuliza kama nyumbani wameita wote, usijibu upesi kama mimi. Rudi kwanza, uwaulize wazee wamemwacha nani.