Mbuzi wa Kambo

Redio inapokoroma kidogo kabla ya taarifa ya habari, mimi huizima. Watoto wangu hudhani nabana matumizi ya betri. Sijawahi kuwaeleza sababu, na ninyi nawaeleza leo kwa kuwa nimechoka kulibeba jambo hili peke yangu.

Miaka ya sabini, kwetu Nchelenge, mkoromo huo ulikuwa shule yangu ya pili. Mama alikuwa Mkongomani, muuza vitenge na mnunuzi wa samaki, na Kiswahili chake alikuja nacho kutoka Kongo, ng'ambo ya Ziwa Mweru. Barabarani tulisema Kibemba. Lakini Kiswahili cha redio kilikuwa kingine kabisa, kimepigwa pasi. Niliyaandika maneno yake kwenye daftari la shule: balozi, mapinduzi, mkataba, mateka, kusalimu amri, kusitisha mapigano. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja, na nilipokosa pa kuyatumia niliyatumia kwa kuku. Jogoo wa jirani akiingia uani kwetu, nilimtangazia kwamba amekiuka mpaka.

Kambo, ndivyo tulivyomwita bibi mzaa mama, hakuyapenda. "Ile maneno yako haina mafuta," aliniambia huku akianika chisense, vile visamaki vidogo ambavyo harufu yake ilituingia hadi kwenye mashuka.

Kisha mapigano yakawaka upande wa pili wa ziwa. Watu wakawa wanavuka kwa mitumbwi na magodoro yao, vyungu vyao, watoto wao. Mchana mmoja mtumbwi ulileta mtu mmoja tu, kijana aliyevaa nguo za jeshi, bunduki magotini. Wanawake ufukweni walikimbia na beseni zao. Kambo hakukimbia, kwanza kwa sababu magoti yake hayakumruhusu. Alimngoja ashuke, akamuuliza ukoo wake.

"Mi niko mwina Mbushi, kambo."

Ukoo wa Mbuzi. Sisi, upande wa mama, ni ukoo wa Chui, na kwetu, huku na ng'ambo, Mbuzi na Chui ni watani. Wanatukanana, wananyang'anyana vitu, wanazikana, na ni mwiko mtani kumkasirikia mtani. Kambo alishusha pumzi.

"Kumbe uko nyama yangu. Mbuzi gani anabeba bunduki? Leta hapa. Na ile viatu vula, inanuka."

Yule kijana akacheka, midomo yake imepasuka kwa jua, akampa bunduki mwanamke mzee asiyeweza hata kuinama vizuri. "Mi nimechoka, kambo," alisema, akaketi mchangani. Kambo alimwamuru mvuvi mmoja akaizamishe bunduki kilindini, na mvuvi akaenda bila kuuliza.

Alikaa kwetu siku tisa. Alivaa shati la marehemu babu, akashona nyavu, na mtaa mzima ukamwita Mbuzi. Jina lake jingine sikulijua. Kila asubuhi Kambo alimuuliza kama ameshanenepa vya kutosha kuchinjwa, naye alijibu kwamba anangoja chui aote meno kwanza. Mimi nilimsomea daftari langu lote. Alinisikiliza hadi mwisho, ameinamisha kichwa.

"Mutoto," alisema, "ile yote mi nilishaiona. Haifanane na vile banaisema."

Siku ya kumi walikuja maafisa wawili kutoka bomani, wakitafuta askari waliovuka. Watu wazima walikuwa wakinong'ona kwamba wanaopatikana hurudishwa, na kwamba askari mtoro akirudishwa kwao hapelekwi kwa mama yake. Sisi watoto hatukuambiwa. Wote wawili walijua Kiswahili. Afisa mmoja alimnyooshea kidole kijana aliyekuwa akishona wavu.

"Ule?" Kambo akasema. "Ni mbuzi yangu. Nitamukula ku Krismasi."

Afisa alicheka. Labda naye alikuwa na watani kwao. Akafunga daftari lake na kugeuka kurudi garini.

Mimi nikaona aibu. Mtu wa serikali, mwenye kalamu mbili mfukoni, na bibi yangu anamjibu mambo ya mbuzi. Tena niliamini kabisa kwamba namtetea mgeni wetu, maana redio ilisema mateka hulindwa na mikataba. Nikasimama wima, mikono nyuma, kama tulivyofundishwa kumjibu mwalimu.

"Si mbuzi, bwana," nikasema. "Ni mwanajeshi. Amesalimu amri kwetu. Ni mateka wetu."

Afisa alinitazama, kisha akamtazama Kambo, na nadhani hata yeye alitamani nisingesema. Lakini mwenzake alikuwa amesikia, na majirani pia. Afisa akafungua tena daftari lake.

Hawakumpiga wala kumfunga kamba. Kijana aliomba tu avue shati la babu alirudishe, Kambo akakataa. Nilipouona uso wa bibi yangu ndipo nikaanza kulia, bila kuelewa sawasawa ninalia nini. Yule kijana alisimama mbele yangu, akainama.

"Usilie, kachui. Chui akikula mbuzi, nani atamukasirikia?"

Nikadhani ananicheka, na nikamchukia kidogo, huku gari likimchukua.

Kambo hakunigombeza hata siku moja. Alikaa miaka akiwauliza wafanyabiashara waliotoka Puta, Chienge na ng'ambo kama wamesikia lolote la mbuzi wake, na hakuna aliyesikia. Alikufa akiuliza.

Mimi nilishakuwa mama wa watoto watatu nilipoelewa kwamba yule kijana hakuwa akinicheka. Alikuwa na nafasi ya kusema maneno machache tu kabla ya kuondoka, na aliyatumia kunifungua mimi, kwa sheria ya utani isiyomruhusu mtu kuwa na kinyongo. Alinisamehe kabla gari halijawashwa. Mimi nimejaribu kujisamehe tangu siku hiyo na sijaweza, maana hakuna mtu aliye mtani wa nafsi yake.