Mama Yangu Katikati ya Kitabu Alichopanga Mwanamke Mwingine

Admin, jina langu lifiche, ila maneno yangu usiyapunguze makali. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na tisa, naishi Sakina, Arusha, na kazi yangu ni kupanga kurasa za vitabu. Mume wangu ni mpiga picha. Tangu tuoane, yeye anapiga, mimi napanga. Kwa wasiojua: kabla ya kuweka picha hata moja, mpangaji huchora mistari ambayo msomaji hataiona, inayogawa ukurasa katika safu na vyumba. Tunaiita gridi. Ndiyo inayoamua picha ikae wapi, iwe kubwa kiasi gani, na wapi paachwe peupe. Anayedhani kitabu cha picha ni picha tu, basi adhani na nyumba ni matofali tu.

Vitabu vyake vyote tulivipangia sebuleni. Tukitoka kanisani Jumapili tunasogeza makochi, tunatandaza picha ndogo sakafuni, tunapiga magoti na kugombana. "Huyu ng'ombe anatoka nje ya ukurasa, mgeuze." "Nimgeuze vipi, mke wangu, alikuwa anaenda kwao!" Tunacheka mpaka chai inapoa. Hayo ndiyo yalikuwa mapenzi yetu. Wengine hupeana maua.

Mwaka huu amemaliza kupiga picha za wanawake wa miteremko ya Meru. Akaja jikoni, macho kwenye sufuria, akasema, "Mama Neema, hiki kitabu nimempa Glory akipange." Glory (si jina lake, wala Neema si la mwanangu) ni binti mwenye ofisi yake Engutoto, hata miaka thelathini hajafika.

"Apange nini? Amewahi kupanga hata kalenda ya kwaya?"

"Punguza maneno."

"Maneno uliyakuta, ukayatolea mahari."

"Nataka kitabu ambacho watu hawakijui kabla ya kukifungua," akajibu, akatoka.

Tangu siku hiyo sebule yangu ina makochi tu. Jumapili anakwenda Engutoto. Msinijazie komenti za "kagua simu yake", sijamfumania na lolote. Ningemkuta kitandani na mtu ningejua la kusema. Nimeshabishana na wachungaji na madiwani, sijawahi kukosa neno. Lakini nilikwenda ofisini kwa Glory nikawakuta wamepiga magoti sakafuni, picha zimewazunguka, mume wangu amevua viatu kama yuko kwake. Binti akainuka haraka. "Shikamoo, mama." Kwa adabu kabisa. Afadhali angenitukana.

Wiki iliyopita mume wangu alileta nakala ya majaribio. Katikati yake yupo marehemu mama yangu, alivyompiga picha akiwa hai, nyumbani Olmotonyi, ameketi mlangoni anamenya ndizi. Mimi ndiye mtoto wa kwanza, na kwetu picha ya marehemu haitoki hadharani bila mkubwa kukubali. "Ukikataa naitoa," akasema, "ila kitabu kizima kimeegemea hapo."

Nikachukua rula na penseli. Nilitaka kumwonyesha kwamba binti amerusha picha ovyo, maana kwa macho zilikuwa zinayumba: hii chini, ile pembeni, kurasa nzima nyeupe. Nikachora mistari ukurasa baada ya ukurasa nikitafuta fujo. Sikuipata. Safu za ndani, karibu na mshono wa kitabu, ni nyembamba, za nje ni pana, na katika kila ukurasa macho ya mwanamke yamekaa kwenye mstari uleule, awe amesimama, ameinama au amebeba majani ya ng'ombe. Ukifunua haraka ni kama wanapokezana kukutazama. Kisha unafika katikati: kushoto peupe, kulia picha ya mama yangu, ndogo, peke yake. Mimi ningembana na picha nyingine tatu na mlima juu yake. Nililia. Halafu nikakasirika kwamba nimelizwa na kazi ya yule binti.

"Umeona?" mume wangu akauliza.

"Nimeona karatasi zilizopotea bure."

"Mama Neema..."

"Niache."

Ijumaa kitabu kinakwenda kwa mchapaji, na anasubiri neno langu. Nikikataa, hakuna wa kunilaumu. Nitasema ni heshima ya marehemu, na kwa mdomo huu nilionao wadogo zangu wote watanipigia makofi. Kitabu kitavunjika, na pengine mume wangu atarudi kupiga magoti kwenye sakafu yangu. Nikikubali, mama yangu atakaa mahali pazuri kuliko popote ambapo mimi ningemweka, na aliyemweka atakuwa yule binti.

Wenye "samehe, omba sana" wapite moja kwa moja. Hakuna aliyenikosea, na hilo ndilo linaloniua. Nawataka ninyi mliowahi kukionea wivu kitu huku mkijua ni kizuri. Nipeni shauri: Ijumaa nimjibu nini mume wangu?